Miaka Tisa Nje ya Rejista: Bi. Truphosa Makokha Anastaafu

Jumanne, tarehe 30 Septemba 2025, Bi. Truphosa Makokha atastaafu baada ya kuitumikia kliniki yetu ya Kingstanding kwa miaka ishirini na mitatu. Miaka tisa ya kwanza alikuwa msaidizi. Kumi na minne iliyofuata alikuwa mtaalamu wa usemi na lugha, aliyesajiliwa, mwenye namba yake kwenye rejista ya taifa. Ukitaka kumwona Mama Truphosa akikunja uso, vichanganye vipindi hivyo viwili.

Kamati ya umoja wetu wa wafanyakazi wa afya wanaozungumza Kiswahili hapa Birmingham imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu, walisema, mtu wa mapokezi hujua habari za kila mtu. Sikatai. Nimekaa kwenye dawati lile tangu mwaka 2008 na ni machache yanayonipita. Hata hivyo yapo mambo juu ya mama huyu ambayo nimeyajua wiki tatu tu zilizopita, na nayaandika nikiwa bado nimepigwa na butwaa.

Alizaliwa Webuye mwaka 1959, wa tatu katika nyumba ya watoto saba. Mwaka 1981 alipata nafasi ya kwenda kusoma India, fani ambayo kijijini kwao hakuna aliyeijua hata kwa jina. Baba yake aliwaambia majirani kwamba binti amekwenda kujifunza jinsi ya kufundisha watu kuongea. Majirani wakamuuliza, kwani siku zote hizo watu walikuwa wakifanya nini? Alirudi na shahada, akafanya kazi kwa miaka kumi na sita katika shule ya viziwi na hospitali ya misheni, akiwapokea watoto wenye kigugumizi, watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka, na wazee waliopoteza maneno baada ya kiharusi. Mwaka 2002 alimfuata Birmingham mumewe, Mzee Bethuel, aliyekuwa ametangulia kuja kufanya kazi ya uuguzi.

Hapa aliambiwa kwamba jina la kazi yake linalindwa na sheria. Hakuna anayeruhusiwa kujiita kwa jina hilo mpaka baraza la usajili limkague na kumwingiza kwenye rejista, hata kama ameifanya kazi hiyo nusu ya maisha yake. Basi akaajiriwa kama msaidizi. Alipanga vyumba, alifuta vikaragosi, yaani vitu vya kuchezea watoto, kwa dawa, alifunika kadi za picha kwa plastiki, na alikaa na watoto kurudia mazoezi aliyoyapanga mtu mwingine. Hakuruhusiwa kupima, wala kutoa uamuzi, wala kutia sahihi ripoti. Wengine waliotia sahihi zile ripoti walikuwa bado shule ya msingi wakati yeye anaanza kazi.

Masharti ya baraza yangemchosha mtu yeyote. Walitaka kila somo alilosoma India na kila saa aliyokaa na mgonjwa akiwa mwanafunzi, zithibitishwe na chuo chenyewe, ambacho kilikuwa kimehamisha kumbukumbu zake za zamani na hakikumbuki kimezipeleka wapi. Walitaka mtihani wa Kiingereza, na fani yake ndiyo inayodai alama za juu kuliko nyingine zote. Mara mbili alikosa nusu alama kwenye uandishi, wakati huohuo sisi sote pale kliniki tukimpelekea barua zetu azisahihishe kabla hatujazituma kwa wakubwa.

Kibaya zaidi walitaka barua kutoka bodi ya leseni ya nchi aliyofanyia kazi, ithibitishe kwamba hakuwahi kuadhibiwa. Kenya ya wakati ule haikuwa na bodi ya fani hiyo. Kwa hiyo ilimbidi athibitishe kwamba kitu kisichokuwepo hakipo. Jaribuni siku moja mwone ugumu wake. Aliandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine kwa zaidi ya miaka mitatu, hadi afisa mmoja mwenye huruma akamjibu kwa mstari mmoja na muhuri: hatuna bodi ya namna hiyo. Mzee Bethuel anasema siku ile mkewe alipika chapati na kuku, akaualika mtaa mzima kuja kusherehekea barua inayosema hakuna.

Nataka pia mjue alivyokuwa katika miaka ile ya usaidizi. Mwaka 2009 alikuja Safiyo, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, akapitia Uholanzi kabla ya kufika huku. Alikuja na bintiye Samsam wa miaka minne, ambaye chekechea walisema hasemi. Mtaalamu wa zamu alimpima kwa Kiingereza na mtoto akanyamaza kimya muda wote. Mtaalamu alipotoka kwenda kuchukua karatasi, Mama Truphosa, aliyekuwa akipanga vikaragosi, alimwambia Samsam kwa Kiswahili amletee kikombe chekundu kilichokuwa chini ya kiti, kisha amfunike mwanasesere. Samsam akafanya yote mawili, halafu kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza safi, akaeleza kwamba mwanasesere anasikia baridi.

Mwingine angekimbilia ukumbini kutangaza kwamba mtoto ni mzima. Yeye hakuwa na ruhusa hiyo na alilijua hilo. Aliandika ukurasa mmoja wa alichoona na alichosikia, na saa yake, bila neno hata moja la maoni, akaukabidhi. Mtaalamu aliusoma, akampima mtoto upya akiwa na mkalimani, na ripoti ikawa nyingine kabisa. Safiyo alipokuja kushukuru akimwita daktari, Mama Truphosa alimsahihisha palepale mbele ya dawati langu. Nilimwona Safiyo akinitazama kana kwamba anauliza huyu mama ana nini.

Sasa nifike mahali penye ugumu kwangu. Sisi Wakenya wa hapa hatumtambulishi mtu mbele za watu bila cheo. Anayetunza wazee tunamwita nesi, mwanafunzi wa uuguzi tunamwita daktari, na aliyehubiri mara mbili tayari ni mchungaji. Hatuna nia ya kudanganya. Ndivyo tunavyopeana heshima Jumapili, kwa kuwa Jumatatu hadi Jumamosi wengi wetu hatuioni.

Mei 2011, ushirika wetu wa kanisa uliokuwa ukikutana katika ukumbi mmoja Winson Green uliandaa Jumapili ya Akina Mama, na Mama Truphosa akaalikwa kuzungumza juu ya watoto wanaochelewa kusema. Programu niliichapa mimi. Chini ya picha yake niliandika kwa herufi nono, Speech and Language Therapist, nikaiweka pia kwenye tovuti ya ushirika. Miezi minne kabla ya hapo alikuwa hatimaye amepeleka maombi yake kwa baraza, karatasi zote zikiwa zimekamilika. Mimi nilidhani namtangulizia mema.

Alipoitwa mbele alikuwa ameshaisoma. Alishika kipaza sauti akasema, “Kabla nianze, programme imekosea. Mimi si therapist, mimi ni assistant. Mkinisikiza leo, mjue mnasikiza assistant.”

Watu walicheka, wakampigia makofi wakidhani ni unyenyekevu. Mimi sikucheka. Niliona ameniaibisha mbele ya ushirika mzima kwa jambo dogo. Baada ya ibada alinifuata kwenye meza ya chai. “Angeline, programme imetoka vizuri, hata picha. Lakini hiyo title itoe kwa website leo, si kesho.” Niliitoa nikiwa nimevimba. Kwa mwezi mzima baadaye nilimsalimia kwa sauti ile ninayowawekea wanaochelewa miadi kisha wakaniuliza kwa nini daktari hayupo.

Sikujua kwamba kesho yake, Jumatatu, alikuwa ameipeleka programu kwa Kirandeep, aliyekuwa kiongozi wetu wa kitengo. Kirandeep, ambaye amenisimulia mwenyewe, alimwambia kwamba amekwisha kusahihisha hadharani, ukurasa umeondolewa, na hakuna mtu wa baraza atakayeokota karatasi ya kanisa la Waswahili huko Winson Green. Alimshauri anyamaze. Wote wawili walijua kilichokuwa hatarini. Kutumia jina lile kabla ya kusajiliwa ni kosa la kisheria, na baraza likimwona mwombaji si mwaminifu, linaweza kumkataa. Mama Truphosa alikuwa na miaka hamsini na miwili. Karatasi zile zilimchukua miaka minane na hakuwa na mingine minane ya kuanza upya.

Jibu lake Kirandeep hajalisahau. Alisema, “Ninaomba kazi ya kuandika ripoti za watoto wa watu. Siwezi kuianza kwa kuficha ripoti yangu mwenyewe.”

Akaliandikia baraza barua, akaambatanisha programu. Baraza likajibu kwamba maombi yamesimamishwa mpaka jopo likutane.

Mimi nililijua jambo hili kwa njia ya simu. Kila siku saa tano asubuhi, baada ya posta kupita nyumbani kwao, Mzee Bethuel alipiga mapokezi kwa sababu wasaidizi hawakuruhusiwa kubeba simu wakiwa na watoto. Ujumbe wake ulikuwa uleule: mwambie haijafika. Siku ya nane au ya tisa nikamuuliza ni kitu gani hicho kisichofika. Mzee wa watu akanieleza yote, taratibu, bila kunilaumu, kwa kuwa hakujua anaongea na nani. Nilirudisha simu mahali pake nikamwita wa kwanza kwenye foleni.

Mchana ule nilimfuata kwenye chumba cha vikaragosi, nikamwomba msamaha, nikajitolea kuliandikia baraza nieleze kwamba kosa ni langu. Aliendelea kufuta tembo wa plastiki. Alisema baraza limekwisha kuuliza, naye amekwisha kujibu, na hilo limeisha. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Tulingoja wiki kumi na sita. Hakuchelewa kazini hata siku moja na hakupunguza kuimba na watoto. Nilikuwa namtazama kupitia kioo cha mlango nikijiuliza anapata wapi nguvu. Alhamisi moja ya Septemba simu ililia saa tano na Mzee Bethuel akasema imefika, hajaifungua, arudi nyumbani. Nilikwenda mbio kumwambia. Alikuwa na watoto watatu wa kundi lake. Akaniambia amesikia, akaendelea nao, kisha na waliowafuata, hadi saa tisa alasiri, akafuta kila kikaragosi, ndipo akaenda kituoni kungoja basi.

Kesho yake aliingia akanitajia namba, herufi na tarakimu, kwa kichwa. Nilifungua rejista ya baraza kwenye kompyuta nikaiandika. Likatokea jina lake, na Birmingham mbele yake. Nililisoma mara tatu, na kusema kweli nililia mbele ya wagonjwa.

Miaka kumi na minne iliyofuata wengi wenu mnaijua. Alitengeneza kadi zake za picha zenye sufuria, mwiko na ndala, kwa kuwa alichoka kuona watoto wetu wakiandikiwa kwamba hawajui vitu ambavyo nyumbani kwao havipo. Alikuwa wa kwanza pale kliniki kukataa kumpima mtoto wa lugha mbili kwa lugha moja, na sasa ndio utaratibu wetu sote. Ripoti zake zilijulikana kwa maneno mawili ambayo wataalamu wengi huona haya kuyaandika: sijui bado.

Halafu kuna ile chai. Wagonjwa wa kiharusi wenye shida ya kumeza huandikiwa vinywaji vilivyotiwa unga wa kuvifanya vizito, ili visiingie kwenye njia ya hewa. Mama Truphosa alisema hawezi kumwandikia mtu kitu ambacho yeye mwenyewe hakinywi. Kwa mwezi mmoja alikunywa chai yake ya maziwa na tangawizi ikiwa nzito kama uji, na kwa ukarimu wake akatugawia. Mimi nilimwaga yangu kwenye chungu cha maua. Yeye alimaliza kikombe kila siku, akaandika ni ipi inashuka vizuri na ipi inanata, na karatasi ile hadi leo imebandikwa jikoni kwetu.

Jumamosi zake alizitoa kwa wengine. Meza ya nyumbani kwake iligeuka ofisi ya watu waliosomea nje na kukwama nje ya rejista. Hakumjazia mtu fomu. Alikaa naye mpaka ajue kila swali linauliza nini. Jeanne, mtaalamu wa usikivu aliyesomea Kinshasa, alifika pale akiwa amekata tamaa kwa sababu kila mtu alimwambia jambo tofauti. Mama Truphosa alimwonyesha kwamba hapa kuna njia mbili: anayepima masikio hospitalini ana rejista yake, na anayetaka kuuza na kufunga vifaa vya kusikia dukani hawezi kugusa sikio la mtu mpaka sheria imsajili. Jeanne alichagua njia yake, akaikamilisha kwa miaka miwili. Hadi leo watu kumi na mmoja wameingia kwenye rejista wakitokea kwenye meza ile. Nimewahesabu mara mbili kwa kuwa yeye hajawahi kuwahesabu.

Usajili hufanywa upya kila baada ya miaka miwili, na wake unafikia mwisho siku hiyohiyo ya kustaafu. Tulimsihi auhuishe mara moja tu, abaki na jina. Akasema asiyetibu hana haja ya jina la anayetibu, na kuanzia tarehe mosi Oktoba tusimtambulishe nalo popote, hata kanisani. Kwa programu ya sherehe yetu ya Ijumaa tarehe 26 nilimuuliza niandike nini. Akacheka, akaniambia Ijumaa bado yumo, niandike kwa herufi nono nipendavyo. Basi mtaona nilivyoandika.

Ili nipate tarehe za wasifu huu nilimwomba faili lake. Alinipa lote, la kijani, akiniambia nisipoteze kitu. Ndani yake nilikuta barua ya baraza ya Juni 2011. Walimtaka awape jina la mtu aliyechapa programu ile, na wakamwonya kwamba asipotoa maelezo kamili, maombi yake yanaweza kukataliwa. Nyuma yake kulikuwa na nakala ya jibu lake. Nalitafsiri kama lilivyo: “Kosa limechapishwa chini ya jina langu, kwa hiyo nalijibu mimi. Aliyeichapa alikusudia kuniheshimu. Naomba nisimtaje.”

Wenzangu, mwaka ule mimi nilikuwa nimepeleka maombi yangu ya ukaazi. Pasipoti yangu ilikuwa mikononi mwa serikali na nilikuwa nikiogopa hata barua ya maktaba. Mama Truphosa alilijua hilo, kwa kuwa ndiye aliyenisaidia kuelewa fomu zile. Mwezi uleule ambao mimi nilikuwa nikimnunia na kumpita ukumbini, yeye aliweka miaka yake yote ya kungoja mbele ya jopo ili jina langu lisionekane kwenye karatasi ya ofisi yoyote. Kisha akanyamaza miaka kumi na minne. Hata nilipokuwa nikiwachekesha watu kwenye sherehe kwa kisa cha mama aliyejishusha cheo kanisani, na yeye ameketi palepale, alicheka pamoja nao. Nimejaribu kumwelewa nimeshindwa. Ninachoweza ni kumvulia kofia.

Mama Truphosa, kwa niaba ya umoja wetu na kliniki nzima, asante kwa kila mtoto na kila mzee uliyemrudishia maneno yake. Pumzika na Mzee Bethuel, mle chapati bila kungoja posta, na Mungu awajalie afya na siku nyingi za raha. Ukitukumbuka, dawati la mapokezi unalijua.

Na lile jina uliloombwa mwaka 2011 ukakataa kulitoa, leo nalitoa mwenyewe, nikiwa raia, mbele ya watu wote.

Aliyeichapa programu ile,
Angeline Mugo